Matawi Mawili Kwenye Jalada

Mwaka huu nilizitazama tuzo kama ninavyozitazama kila mwaka: alfajiri, kitenge mabegani, simu nimeiegemeza kwenye termosi ya chai. Huko kwao ni jioni ya jana, watu wamevaa wakapendeza. Huku kwetu Uvira jogoo amekwisha kuwika na wanawake wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanapita barabarani na mabeseni matupu kichwani, wakiwahi mitumbwi. Mimi si mtu wa kukosa tuzo za filamu. Naweza kukosa ibada, naweza kukosa harusi ya jirani nikasingizia malaria, lakini siku ile sikosi.

Kuna kipande cha sherehe ambacho mashabiki wenzangu hukitumia kwenda kuongeza sukari. Taa zinafifia, mtu anapiga piano taratibu, na picha za wasanii waliofariki katika mwaka zinapita moja baada ya nyingine. Mimi ndicho kipande ninachokitazama kwa makini kuliko vyote. Safari hii mtandao ulikatika katikati yake, picha ikaganda, na uso ulioganda kwenye simu yangu ulikuwa wa mwanamke mmoja mwenye mwanya, kaangalia pembeni kama mtu aliyeitwa. Sikuwa na habari kwamba amekufa. Nilibaki namtazama na yeye hanitazami, mpaka chai ikapoa kikombeni.

Sitamtaja jina. Nyumbani kwetu hatukuwahi kumwita kwa jina lake, tulimwita "wetu". Wetu amechaguliwa tena. Wetu ametoka na filamu mpya. Mtu angetusikia angedhani ni shangazi anayeishi Kigoma.

Niliinuka nikavuta gunia lililo chini ya kitanda cha Mama. Ndani yake mna majalada ya CD za Baba, yale makaratasi ya rangi yenye picha za filamu, na harufu iliyotoka ilikuwa ile ile ya utotoni: karatasi iliyokula unyevu na petroli ya jenereta. Karibu kila jalada lina tundu. Si la panya, labda panya aliyesoma, maana yamekatwa kwa mkasi, kwa uangalifu, umbo la yai, chini kidogo ya jina la filamu. Nililitafuta jalada la wetu nikalipata. Nalo lina tundu.

Baba alikuwa na jumba la video hapa Kavimvira, si mbali na mpaka wa Burundi. Nasema jumba kwa heshima yake tu. Zilikuwa mbao, mabati, mabenchi, na mashuka meusi madirishani ya kuzuia jua la ziwani lisiingie kuharibu picha. Majumba mengine ya mjini yalionyesha ngumi na bunduki, na yalijaa. Baba alionyesha filamu zilizopewa tuzo. Alikuwa hashauriki. Vijana wakimwomba waletewe yule jamaa wa kuruka maghorofa, aliwaambia maghorofa watayakuta mbinguni, leo wakae watazame filamu yenye akili.

Ugonjwa wake wa tuzo ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu wa kawaida. Watu wa huku huhesabu miaka kwa vita na kwa kukimbia: mwaka tuliovuka kwenda Burundi, mwaka tuliolala kwenye mashamba ya migomba kule Runingu. Baba alihesabu kwa washindi. Alimwoa Mama mwaka wa filamu ya hakimu na bintiye. Yaya Mapendo, dada yangu mkubwa, alizaliwa mwaka wa filamu ya mpishi wa jeshi. Mimi nilizaliwa mwaka ambao, kwa maoni yake, walimpa asiyestahili, na sidhani kama alinisamehe kabisa kwa hilo.

CD zilitoka Bujumbura. Baba alivuka mwenyewe, akarudi na gunia begani, na zilikuwa za Kifaransa. Watazamaji wetu wengi, wabadilishaji fedha, wapakuaji mizigo, akina mama wanaongoja gari la kwenda bondeni, Kifaransa chao kilikuwa cha kusalimia tu. Kwa hiyo Yaya Mapendo alifasiri. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, juu ya kiti pekee chenye mgongo katika jumba lile, akasema kwa Kiswahili yale waliyokuwa wakiyasema. Alikuwa polisi, alikuwa padri, alikuwa mtoto anayelia, alikuwa bibi kiziwi. Lakini wetu alipotokea, Yaya alibadilika. Hakufasiri tena, alisema. Wetu akicheka, Yaya alicheka kabla mwenzake hajamaliza kufungua mdomo. Watu walikuja kutoka Kilibula kumsikiliza, na wengine waliomfahamu Yaya kwa sauti tu walishangaa kumwona sokoni jinsi alivyo mwembamba.

Kiti chenye mgongo alipewa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao kwetu watu huuita SS, unaovunja mifupa kwa maumivu hasa mvua za baridi zinaposhuka kutoka milima ya Mulenge. Macho yake yalikuwa na unjano daima. Mara kwa mara maumivu yalimkamata, Mama akafunga kitenge na termosi, wakaenda hospitali; nyumba ikanyamaza, jumba likafungwa; kisha siku moja nikitoka shule namkuta kakaa uani, kapungua tena kidogo, ananiuliza nani amekula karanga zake. Hivyo ndivyo nilivyoujua ugonjwa. Ulikuwa kitu cha kwenda na kurudi.

Kila asubuhi ya tuzo, Baba na Yaya waliamka kabla ya watu wote na kukaa uani na redio, wakisikiliza Kifaransa kikitoka na kuzama. Filamu zenyewe hawakuwa wameziona. Zingetufikia baada ya miezi, pengine mwaka. Hilo halikuwazuia kuzigombania. Baba alipenda wazee, waigizaji wenye mvi na sauti ya mchanga. Yaya alikuwa upande wa wetu, na wetu alikuwa mtu wa kuchaguliwa kuwania na kushindwa. Mama alipita na ufagio akasema yule mwanamke kila mwaka anavaa vizuri bure. Aliyebashiri vibaya adhabu yake ilikuwa kubeba jerikani ya maji siku ile. Baba ndiye aliyebeba kila mara. Nilikua nikiamini kwamba Baba, pamoja na makelele yake yote, hajui kabisa kuchagua filamu. Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba Yaya hakuruhusiwa kunyanyua kitu kizito.

Sasa niseme habari ya majani.

Kwetu mtu akifa, vijana hukata matawi ya mngazi, yaani mchikichi, na kuyaweka barabarani karibu na nyumba ya msiba, huku na huku. Gari likiyaona linapunguza mwendo, pikipiki inazima muziki, mtoto anayerukaruka anaacha. Nilifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma: ukiona majani, hapo kuna kilio, pita kwa adabu. Na kwenye majalada ya filamu alizozipenda Baba kulikuwa na matawi mawili madogo, moja kulia moja kushoto, yamepinda yakitazamana, na maandishi katikati. Sasa najua, kama kila shabiki anavyojua, kwamba ndiyo alama ya filamu iliyopata tuzo au iliyochaguliwa tamashani. Wakati ule sikumwuliza mtu kwa sababu sikuona cha kuuliza. Matawi kulia, matawi kushoto. Filamu hiyo ilikuwa na msiba. Mtu aliyefia humo alikuwa amekufa kweli.

Kila kitu kilikubaliana na maarifa yangu. Zile za ngumi, ambamo watu mia wanaanguka, hazikuwa na tawi hata moja, na kweli ilionekana wazi wanadanganya. Zile za Baba watu walizitazama kimya, akina mama wakifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikipewa jalada lenye majani nilishusha sauti na kulishika kwa mikono miwili. Baba aliliona hilo akafurahi mno. Alimwambia Mama huyu mdogo ana heshima ya sinema, huyu ndiye atakayerithi jumba.

Halafu ikaja filamu ya mshonaji. Wetu alikuwa mwanamke anayeshona nguo za maharusi chini ya ngazi ya nyumba ya watu, na mwisho wake alikohoa, akakata uzi kwa meno, akainamisha kichwa juu ya cherehani. Yaya alisema maneno yake ya mwisho kwa sauti ndogo sana, watu wakasogea mbele mabenchi yakalia. Jalada lake lilikuwa limejaa majani, manne, matano, sikumbuki, msiba wa mtu mkubwa. Nililia mpaka nikatapika. Baba alinibeba nje akinipapasa mgongo, na nadhani alijivunia.

Miezi ikapita, gunia jipya likaja kutoka Bujumbura, na humo mlikuwa na wetu. Mzima, kavaa kofia nyekundu, anakula chungwa ndani ya treni. Nilimpelekea Yaya lile jalada pale alipokuwa anachambua mchele nikamwuliza inawezekanaje. Yeye alikuwa na haraka, tena alipenda kunichokoza, na hakujua ni swali gani anajibu.

"Mu ile alikufa," akasema. "Mu hii mupya amerudi. Weye unafikiri banaweza kumuacha ule?"

Basi. Nilikuwa na mafundisho yote niliyoyahitaji. Watu wanakufa kweli, wanawekewa majani, tunalia, halafu filamu mpya inatoka nao wamo, wanakula machungwa. Sikuogopa kifo tena, na sijawahi kuwa na amani kama ile tangu siku hizo.

Mwaka uliofuata wetu alichaguliwa tena, na redio ilisema safari hii huenda akapata. Yaya alikuwa hospitali. Mvua zilikuwa zimeshuka vibaya, mto Mulongwe ulikuwa unanguruma, na maumivu yalimkamata miguu, kisha mgongo, kisha kifua. Tulikwenda kumwona siku moja kabla ya tuzo. Alikuwa amelala kwa ubavu, midomo imekauka, lakini alitaka kuzungumza habari hiyo tu. Wodi ilikuwa na mabati mazito, redio haikushika kitu humo. Baba alisema atalala pale pamoja na Mama, tuzo ataisikia siku nyingine. Yaya alikasirika. Nilimwona akijaribu kuinua kichwa.

"Baba, ubakie nyumbani usikilize muzuri," alimwambia. "Usikuye hapa na habari nusu."

Baba akatii. Jambo hili limenikaa moyoni maisha yangu yote, na yeye lilimkaa zaidi. Alitii kwa sababu Yaya alikuwa ameenda na kurudi mara nyingi, na kwa sababu furaha pekee aliyoweza kumletea ilikuwa ile. Hata yeye, mtu mzima, alikuwa ameshazoea kwamba mtoto huyu anarudi.

Nilikaa naye uani asubuhi ile badala ya Yaya, nikijiona mkubwa. Redio ilikuja na kupotea. Aliizungusha, akaiinua juu ya kichwa, akasimama karibu na choo ambako ilishika vizuri. Jina likaja, wazi, mara mbili. Sikuwahi kumwona Baba akikimbia mpaka siku ile. Alinipandisha nyuma ya baiskeli, tukashuka barabara ya ziwani, madimbwi yakiturukia, wavuvi wakirudi na taa zao, na njia nzima alikuwa akirudia jina lile la wetu kwa pumzi, asije akalisahau.

Mama alikuwa amekaa nje ya wodi, kwenye saruji, termosi mapajani. Baba alianza kusema kabla hajashuka.

"Amepata," alisema. "Mama Mapendo, amepata."

Mama alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka. "Mapendo amekwenda," akasema.

Baba alilaza baiskeli chini, akaingia ndani. Mama aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alimkuta ameinama sikioni kwa Yaya, anamweleza: nani aliita jina, nani alishindwa, redio ilishika wapi. Hakuacha chochote. Haikuwa habari nusu.

Siku ile vijana wa mtaani walikata matawi ya mngazi wakayaweka barabarani mbele ya nyumba yetu, huku na huku. Nilitoka kuyaangalia. Niliona yamepinda vizuri, yanatazamana, na moyo wangu ukatulia kabisa. Wanawake walijaa uani, wakaviringika, wakamwita Yaya kwa majina yote ya ukoo kwa Kifuliiru, nami nilipita katikati yao nikigawa maji ya kunywa. Walisema mtoto huyu ana moyo wa mzee. Nilimwendea Mama nikamwambia asilie sana, Yaya atarudi. Mama alinivuta kifuani akasema ndiyo, mwanangu, atarudi siku ya mwisho. Alidhani nimeyatoa kanisani. Nilimwuliza siku ya mwisho ni lini, akajibu hakuna aijuaye. Nilimhurumia. Mimi nilikuwa naijua: ni siku ambayo Baba atavuka kwenda Bujumbura kuleta gunia jipya.

Alivuka miezi kadhaa baadaye, majani yale yalipokwisha kunyauka na kuondolewa na upepo. Alikuwa amemwahidi Yaya kumtafutia ile filamu iliyomshindia wetu mara tu itakapofika, na ahadi kwake ilikuwa bado ahadi. Mama wakati huo alikuwa amerudi kuuza ndagala kavu karibu na kizuizi cha mpakani, nami nikitoka shule nilikaa naye, nawafukuza nzi. Siku hiyo sikufukuza nzi. Nilitazama upande wa Burundi mpaka shingo ikauma. Nilikuwa nimevaa gauni la Krismasi chini ya sare, kwa ajili ya kumpokea.

Baba alitokea kati ya wabeba mizigo, gunia begani. Alikuwa amezeeka katika safari ile moja. Alipolitua chini nilikwisha kulifungua, nikatoa majalada yote nikayapanga juu ya meza ya Mama, juu ya ndagala, nikitazama nyuso. Nililiona la wetu. Lilikuwa na majani makubwa ya dhahabu. Nililiweka pembeni, nikaendelea kutafuta, nikarudi mwanzo, nikatikisa gunia. Ninakumbuka hofu ilivyoanza, kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani.

"Baba, hii iko na majani, ni ya kufa," nilimwambia. "Ile mupya iko wapi?"

Akauliza mpya gani.

"Ile Yaya anarudia ndani."

Mama alikuwa anampimia mtu ndagala, akaacha kopo hewani. Baba alinitazama, kisha akatazama majalada, yale matawi, kulia na kushoto, na nikaona jinsi anavyoelewa. Nadhani alipita katika miaka yote ile akiniona nimeshika makaratasi yale kwa mikono miwili. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, kati ya miguu ya wabadilishaji fedha, mtu aliyekuwa akipiga pasi hata suruali ya kubebea mizigo.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita akiwa na upole, "Yaya yako hakukuwa anacheza filme. Hakuna mupya."

Nilimsikia. Kisha nikapiga kelele ambazo Mama anasema hata askari wa kizuizi waliacha magari wakaja. Yaya alikufa kwangu siku ile, mpakani, katikati ya mchana, na wenzangu wote walikwisha kumaliza kulia.

Filamu ile Baba aliionyesha mara moja tu. Jumba lilijaa mpaka mlangoni. Kila mtu alijua ni ahadi ya nani. Kiti chenye mgongo kilikuwa mahali pake kando ya televisheni na hakuna aliyekikalia. Baba hakutafuta mfasiri. Wetu alizungumza Kifaransa tangu mwanzo mpaka mwisho, akacheka kwa Kifaransa, na wapakuaji mizigo wa Kavimvira, watu wa kupiga mbinja filamu ikikwama kidogo, walikaa wakasikiliza maneno wasiyoyajua bila hata mmoja kutoka. Ilipokwisha walimpa Baba mkono, mmoja mmoja, kama kwenye kilio. Baadaye jumba lilikodiwa na wachungaji wa chumba cha sala, na mpaka leo ukipita unasikia ngoma.

Jioni ile ya mpakani ndipo alipoyakata majalada. Mama anasema alikaa karibu na mbabula, jiko la makaa, akiwa na mkasi wa kushonea, akachukua jalada moja baada ya lingine, yale aliyoyapenda kuliko vitu vyote, akatoa majani na kuyatia motoni. Mama alimwambia anaharibu mali. Akajibu kwamba mtoto asiyaone tena. Mimi hakuwahi kuniambia habari hiyo. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa presha, watu bado wakimwita Papa Mapendo, na mpaka mwisho alisikiliza tuzo peke yake, karibu na choo.

Nami nikawa shabiki. Nafundisha Kifaransa sasa, naweza kukutajia washindi kurudi nyuma mpaka kabla sijazaliwa, na nikichoka nahesabu miaka kwao kama Baba. Vita vimekuja na kwenda, mpaka umefungwa na kufunguliwa, maji yameingia mitaani na kuondoka na nyumba za watu, nami nimetafuta njia ya kuona kila filamu mpya ya wetu. Nilijiambia napenda sinema. Asubuhi hii, uso wake umeganda kwenye simu, ndipo nilipojua nilichokuwa nafanya. Kila filamu yake mpya, alipofungua mdomo, mimi sikusikia Kifaransa. Nilisikia Yaya, amekua, ana sauti ya mwanamke wa miaka arobaini, hamsini, ananiuliza nani amekula karanga. Baba aliniambia hakuna mpya, nami kwa siri, miaka yote, nilikuwa nazipata. Sasa kweli hakuna. Yule mwanamke wa mbali hatacheza tena, na mimi sina mahali pengine pa kumsikia dada yangu. Nimekaa na jalada lenye tundu mkononi nikaona maisha yaliyo mbele yangu, marefu, yasiyo na sauti ile hata kidogo.

Nilimpelekea Mama habari uani. Ni mzee sasa, ndagala anachambua kwa kugusa. Hakuwahi kujali sinema. Siku zote alisema ni kuwalilia matajiri wasiojua Uvira iko wapi. Nilimwambia yule mwanamke wa Baba na Yaya amekufa.

"Ule aliyekuwa na sauti ya mutoto wangu?" akauliza.

Nikasema ndiye yeye.

Alisogeza ndagala pembeni. Kisha akanawa mikono, akafunga kitenge kichwani, akamwita kijana wa jirani anayekata ngazi za mawese, akamwambia alete matawi. Sikumzuia, sikuwa na nguvu. Aliyaweka yeye mwenyewe mbele ya lango, akiinama kwa shida, moja huku na moja huku. Pikipiki ya kwanza iliyopita ilizima muziki.

Jirani wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa rika lake, aliyetusaidia kulia siku ile ya zamani. Aliingia kwa hofu, akinitazama mimi, akimtazama Mama, akihesabu watu wa nyumba asione aliyepungua.

"Pole, Mama Mapendo. Ni nani amekufa hapa?"

"Mutoto wangu," Mama akasema. "Mapendo."

Yule mama alisema kwa upole kwamba Mapendo alikufaka zamani.

"Ndiyo," Mama akajibu. "Na leo tena."

Jirani akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka, akamshika Mama mkono. Nje nilisikia wengine wanakuja. Nikaingia ndani kutoa mabenchi ya Baba.